Nyuma ya Picha

Msikilizaji wangu, mtu wa kwanza duniani kutokea kwenye picha alikuwa anapigiwa viatu kiwi.

Ilikuwa Paris, mwaka 1838, mtaa wa Boulevard du Temple. Bwana Louis Daguerre alitega mashine yake dirishani, ghorofa ya juu, akaielekeza barabarani. Mtaa ule ulikuwa na pilikapilika zake: magari ya farasi, wachuuzi, wapita njia. Lakini picha za siku zile hazikupigwa kwa kufumba na kufumbua. Bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha lilihitaji dakika kadhaa za mwanga ndipo lishike kitu. Kila aliyekuwa akitembea alipita bila kuacha alama. Farasi wakayeyuka, magari yakayeyuka, barabara ikatoka tupu kama mtaa wa Waislamu asubuhi ya Idi, watu wote wakiwa msikitini. Akabaki bwana mmoja pembeni, kanyanyua mguu, na mbele yake umbo la mtu aliyeinama. Mteja na mpiga kiwi wake. Hawakwenda popote kwa muda wa kutosha, basi wakaingia kwenye historia.

Jina la Daguerre tunalo. Jina la mtaa tunalo. Jina la yule bwana wa viatu hatuna, na la mpiga kiwi ndiyo kabisa.

Mwaka uliofuata, 1839, huko Philadelphia, Marekani, kijana wa familia ya mafundi wa taa, Robert Cornelius, aliweka kamera nyuma ya duka lao akajipiga picha mwenyewe. Nywele timutimu, mikono kaikunja kifuani, anatazama pembeni kidogo kwa macho ya mtu asiye na hakika kama mashine inafanya kazi. Picha hiyo ipo mpaka leo, imehifadhiwa katika Maktaba ya Bunge la Marekani. Na ukiigeuza nyuma unakuta pameandikwa kwamba hii ndiyo picha ya kwanza kupata kupigwa kwa mwanga, na mwaka wake, 1839. Ya kwanza haikuwa, maana Wafaransa walikwisha mtangulia. Hilo la wataalamu. Mimi ninachompendea ni kwamba kuna mtu aliyeigeuza picha ile, akashika kalamu, akaandika.

Leo basi nataka tuzungumze habari za nyuma ya picha. Mbele kuna watu wa kutosha wa kukusifia.

Kamera ya kwanza niliyoijua mimi ilikuwa ya mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa mmoja wa vijana wa Kitanzania waliopata nafasi ya kusoma Moscow, katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kile ambacho Warusi walikifungua mwaka 1960 kwa ajili ya wanafunzi wa Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Alirudi Tanga na sanduku la vitabu vya uhandisi, koti zito ambalo Tanga halikuvaliwa hata siku moja, na kamera aina ya Lubitel 2.

Waliopata kuiona wataikumbuka. Ilitengenezwa Leningrad, mwili wake plastiki ngumu nyeusi, ina macho mawili, moja juu ya jingine: la juu la kutazamia, la chini la kupigia. Huiweki usoni. Inaning'inia shingoni na kukaa usawa wa tumbo, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa na kutazama ndani. Na mle ndani mambo yote yamegeuzwa. Aliye kulia yuko kushoto. Ukitaka kumfuata mtoto anayekimbilia mwembeni, mikono yako inaipeleka kamera upande wa chooni. Mjomba alikuwa amekwisha izoea, lakini sisi alipoturuhusu kuchungulia tulitoka tunapepesuka.

Filamu yake ilikuwa ile pana, ya picha 12, imezungushwa pamoja na karatasi nyeusi mgongoni. Kuipachika kulifanyika chumbani, pazia limeshushwa, mlango umefungwa, na sisi watoto tumezuiwa nje tunasikia tu vitasa vinavyolia. Nyuma ya kamera palikuwa na kidirisha chekundu, kidogo kuliko shilingi. Ukizungusha kitasa, namba zinapita humo taratibu: 1, ikapotea, ikaja 2. Ikikaa katikati, unaacha. Kamera za bei kubwa zilikuwa na ulinzi ndani yake: usipozungusha filamu hazikubali kupiga tena. Lubitel haikuwa na habari hiyo. Ukisahau, unapiga picha juu ya picha, harusi inaingia juu ya msiba. Kwa hiyo mjomba alijiwekea desturi. Kila akipiga moja, anazungusha kisha anatangaza, "Nimezungusha!" Na sisi tuliokaa mkekani tunaitikia, "Umezungusha!" Mpaka leo katika ukoo wetu mtu akifunga mlango wa nje usiku hutamka neno hilo, na wageni hawaelewi tunacheka nini.

Mtakumbuka pia hali ya madukani mwishoni mwa miaka ya sabini. Sabuni ya kutafuta, sukari ya kutafuta, dawa ya meno ya kutafuta. Filamu nani aifikirie? Ikipatikana moja, nyumba nzima inajua, na majirani nao wanajua. Picha haikupigwa ila kwa mashauriano. Bibi aoge kwanza, abadilishe kanga. Wazee wakae, vijana wasimame, watoto chini. Jua liwe mgongoni kwa mpigaji. Halafu mkanda ukiisha unapelekwa studio ya mjini kusafishwa, na hapo ni kusubiri, fundi akisema njoo Jumatatu unajua ni Alhamisi.

Ninayo hapa mbele ya maikrofoni picha moja ya mkanda wa namna hiyo. Ndiyo ya zamani kuliko zote zilizobaki ambayo mimi nimo. Ni mraba, sentimita sita kwa sita, yaani imechapwa ukubwa uleule wa filamu, maana kuikuza ilikuwa pesa nyingine. Bibi yupo katikati, kwenye kiti cha mikono, viganja juu ya magoti. Mama yuko kulia kwake. Shangazi kasimama nyuma, kajitanda kanga. Sisi watoto tuko mkekani, na mmoja wetu alitikisika, uso wake umekuwa ukungu mtupu. Kila ndugu anasema si yeye. Chini kabisa, mchangani, kuna kivuli kirefu chenye kichwa kilichoinama. Huyo ndiye mjomba. Albamu nzima ya miaka ile hayumo, ila kwa kivuli, kwa sababu kamera hakumwachia mtu. Ukitaka kujua nani alikuwa na kamera katika familia yenu, mtafute yule asiyeonekana.

Sasa tazama mwisho wa mstari, upande wa kushoto. Kasimama kijana wa miaka ishirini hivi. Shati jeupe, mikono ameikunja mpaka kwenye kiwiko, kiganja kimoja kiko begani kwa kaka yangu. Wengine wote tumekaza nyuso kwa heshima ya kamera, yeye anacheka, meno yote nje. Kijana huyu ni nani?

Nikageuza nyuma. Kuna muhuri wa studio wa wino wa zambarau, nusu umefutika, na namba ya penseli. Basi. Namba ile ilikuwa na maana zamani. Fundi alikuwa na daftari: namba fulani, mkanda wa fulani, nakala kadhaa, amelipa nusu. Ukitaka nakala nyingine unataja namba, anajua ni picha ipi. Studio ilifungwa zamani, daftari halijulikani liliko, na namba bila daftari haimtambulishi mtu.

Mwaka wa picha tumeupata kwa kuzunguka mlango wa nyuma. Kanga ya shangazi, ukiitazama kwa kioo cha kukuzia, ni ya sherehe za kuzaliwa CCM, na chama kilizaliwa Februari 5, 1977, TANU na ASP zilipoungana. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Kaka yangu kwenye picha ana pengo la meno mawili ya mbele, naye anaapa meno yale yalikwisha ota vita vya Kagera vilipoanza, Oktoba 1978. Kwa hiyo kanga moja na pengo moja vimetufikisha karibu na mwaka wenyewe. Kalamu ingetufikisha siku ileile, na tusingetazama kinywa cha mtu.

Negativu tulikuwa nazo, ndani ya kopo la biskuti, juu ya kabati. Nani asiyekuwa na kopo hilo? Filamu, msikilizaji, ni chembechembe za fedha zilizoshikwa ndani ya utando wa jelatini, na jelatini inatokana na mifupa na ngozi za wanyama. Hewa ya pwani ina unyevu mwaka mzima. Utando ule unanyonya maji, unalainika, filamu zinagandana, kisha ukungu unakuja kula, kwa kuwa kwake kile ni chakula. Tulipolifungua kopo tulikuta kitu kimoja kigumu, hakibanduki. Ikabaki hii ya karatasi, na karatasi inajua sura tu.

Wala nisiilaumu familia yangu peke yake. Picha za mwambao wetu zilianza hivyohivyo, tena kwa makusudi. Mwishoni mwa karne ya 19 Zanzibar ilikuwa na wapiga picha wenye maduka yao, wengi wao Wagoa: akina Gomes, akina Coutinho. Mafundi hodari kweli. Walipiga picha masultani na mabalozi, wakapiga mitaa na bandari, na wakachapisha postikadi ambazo mabaharia na watalii walizituma kwao kwa wingi. Leo zinauzwa mnadani. Humo utawaona wanawake wa Unguja, nywele zimesukwa twende kilioni, vipini puani, kanga zimepigwa pasi zikanyooka, macho makavu yanakutazama moja kwa moja. Na chini yake maneno mawili matatu ya Kiingereza: mwanamke wa Kiswahili. Mrembo wa Zanzibar. Wenyeji.

Jumba la Beit al-Ajaib kwenye postikadi limeandikwa jina lake. Sultani jina lake lipo. Hata mnazi umeandikwa kuwa ni mnazi. Mwanamke yule ameandikwa kabila. Naye alikuwa na mtaa wake, Malindi au Ng'ambo, alikuwa na jina ambalo mama yake aliliita kutoka uani, na pengine wajukuu zake wananunua mkate Darajani hivi sasa bila kujua kwamba bibi yao amewekwa kwenye fremu katika nyumba ya mtu huko Ulaya. Nikiziona postikadi hizo siwezi kusema ni mbaya, maana ni nzuri. Ila huwa naona mtu alilipwa mara moja, kama alilipwa, na kisha akanyang'anywa kitu kidogo ambacho kingemgharimu mchapaji nusu mstari.

Studio za baadaye zilibadilisha mambo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio pale Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaja kuiendeleza. Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor na studio yake, Mombasa kulikuwa na Parekh. Mteja sasa alikuja kwa miguu yake, kavaa anavyotaka, kalipa, na picha akaondoka nayo. Huyo hakuwa mrembo wa mtu. Na miaka ya themanini na tisini, pale kivukoni Likoni, vijana walikuwa na vibanda vyao vimepambwa maua ya plastiki na mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Ukishuka feri siku ya Idi au Krismasi lazima upigwe moja. Wengi waliopita pale walikuwa vibarua kutoka bara, na picha zilitumwa nyumbani kwa barua.

Enzi hizo za studio ndipo nyuma ya picha palipopata wakati wake. Fungua albamu ya mzee yeyote aliyekuwa kijana miaka ya hamsini au sitini, chomoa picha uigeuze. Utakuta: kumbukumbu yangu kwa rafiki yangu mpenzi fulani bin fulani, unikumbuke popote utakapokuwa, ni mimi fulani, Mombasa, na tarehe. Kwa wino wa bluu, hati ya kulazwa, mistari imenyooka. Watu wale wengine waliishia darasa la nne. Sisi wenye shahada tunaandika "mimi na washkaji".

Niruhusuni nitoke nje ya pwani kidogo, niende Bamako. Mwaka 1935 kijana mmoja wa huko, Seydou Keïta, aliletewa zawadi na ami yake aliyekuwa ametoka Senegal: Kodak Brownie, kamera ya sanduku, na filamu ya picha nane. Msomi wa Moscow na msafiri wa Senegal, ona jinsi kamera zilivyoingia Afrika kwa mizigo ya wajomba na maami. Hata Mohamed Amin wetu, yule ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliiamsha dunia, alianza ujanani Dar es Salaam na Brownie iliyokwisha kutumika. Brownie ilipotoka mwaka 1900 iliuzwa dola moja, na kwa dola hiyo walifundishwa wengi kuliko vyuo.

Tumrudie Keïta. Alifungua studio mwaka 1948, mji mzima ukaja: maharusi, makarani, mabibi na vitenge vyao, wenye pikipiki na wenye kuazima saa ya studio. Nyuma ya picha alipiga muhuri wake. Mteja alikwenda nayo nyumbani, na nyumbani huko ndugu walimjua mteja. Kwa matumizi yale ilitosha. Halafu mwaka 1991 picha zake chache zikaoneshwa New York, zimechapwa upya kutoka kwenye negativu, na negativu haina mgongo wa kupigwa muhuri. Zikaandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Ilibidi Mfaransa mmoja, André Magnin, afunge safari kwenda Bamako kuuliza, na mzee alikuwepo, mzima, na makasha yake ya negativu. Alifariki mwaka 2001 akiwa na sifa duniani kote. Lakini wale wateja, wale mabibi waliojilaza kwenye shuka la maua, wengi wao kwenye kuta za majumba ya sanaa wameandikwa "bila jina". Mpiga picha alirudishiwa jina lake. Wao bado.

Kuna watu waliolifikiria tatizo hili zamani, tena kwa upande wa biashara. Mwaka 1914 kampuni ya Kodak ilileta kamera za aina ya Autographic. Aliyevumbua mpango wenyewe ni Henry Gaisman, na Kodak ilimlipa dola 300,000, fedha ambazo kwa wakati ule zingenunua mtaa. Nyuma ya kamera kulikuwa na kilango kidogo kirefu. Ukishapiga picha unakifungua, unachukua kijiti cha chuma kilichochomekwa pembeni, unaandika juu ya karatasi ya filamu: jina, mahali, tarehe. Kati ya karatasi na filamu palikuwa na utando wa kaboni; pale ulipokandamiza ukaruhusu mwanga upite, maandishi yakachorwa kwenye filamu yenyewe, kati ya picha na picha. Filamu ikisafishwa, jina limeshatoka pamoja na sura. Mimi naona huo ni uvumbuzi wa akili kuliko nusu ya yaliyomo kwenye simu yangu. Lakini haukudumu. Mwanzoni mwa miaka ya thelathini Kodak ilikwisha uacha. Kila mtu alidhani atakumbuka.

Na tusidhani ni mambo ya kale. Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi wa Afghanistan huko Pakistan, Steve McCurry alimpiga picha binti mwenye macho ya kijani. Juni 1985 ikawa jalada la National Geographic, ikasambaa ulimwengu mzima, kwenye kuta za hoteli na mabango ya misaada. Jina lake, Sharbat Gula, lilikuja kujulikana mwaka 2002, waliporudi kumtafuta na kumkuta ni mama wa watoto. Yeye mwenyewe picha ile hakuwahi kuiona. Miaka yote hiyo dunia nzima inaijua sura yake, na hakuna aliyemuuliza anaitwa nani.

Mtaniambia, simu sasa zinaandika zenyewe. Kweli, zinaandika: tarehe, saa, dakika, hata mahali, kama hukuzima. Nyingine zinakusanya nyuso zinazofanana na kukuuliza, huyu ni nani? Swali zuri hilo, na watu wengi wanalifuta bila kulijibu. Simu inajua ulikuwa Korogwe saa tisa na dakika nne alasiri. Haijui kwamba aliyekushika mkono ni mama mkwe, wala kwamba siku hiyo alikuwa ametoka hospitali. Na simu ikiibwa daladala, basi imekwenda na ukoo.

Kwa hiyo nitoe ushauri wa fundi, si wa mwalimu. Picha za zamani za karatasi ya kawaida ziandike kwa penseli laini. Ilaze kifudifudi juu ya kioo safi, andika pembeni, usikandamize. Kalamu ya wino wa kawaida usiitumie: ncha yake inachimba, maandishi yanajitokeza mbele kwenye shavu la mtu, na wino unaweza kuhamia kwenye picha nyingine albamuni. Picha za rangi za miaka ya themanini kuja huku, zenye karatasi ya plastiki, hazishiki penseli. Tafuta kalamu ya kuandikia picha, andika, acha ikauke kabisa. Hizo za rangi zina haraka zaidi pia, kwa sababu rangi zake zinafifia, zinaelekea wekundu, wakati nyeusi na nyeupe iliyosafishwa vizuri inaweza kukaa karne.

Andika majina kutoka kushoto kwenda kulia, matatu matatu, nani mwana wa nani. Usiandike "mimi". "Mimi" nyuma ya picha ni mtu asiyejulikana, maana anayeisoma yeye naye ni "mimi". "Shangazi" vilevile: shangazi wa nani? Mwaka kama huna hakika, andika "kama 1978". Na wale waliokatwa kwa mkasi, tunazijua picha hizo, bwana ameondolewa baada ya talaka na umebaki mkono wake tu begani kwa bibi, nao waandikeni. Mkono ule una mwenyewe, na watoto wana haki ya kuujua.

Mimi nilianza na hii ya kwangu. Niliipiga picha kwa simu nikaitupa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp, nikauliza kijana wa shati jeupe ni nani. Nyumba ikawaka moto. Mama akatuma ujumbe wa sauti mrefu kwamba ni mtoto wa jirani, alikuwa akijifunza ushonaji kwa fundi cherehani wa mtaani. Shangazi, huyohuyo wa kanga ya CCM, sasa yuko Muscat kwa mwanawe, akasema mama amezeeka: huyo ni kijana wa Pangani aliyekuwa akileta samaki kwa baiskeli, na alikwenda vita vya Kagera. Kaka yangu, ambaye ndiye aliyeshikwa bega, akasema wote hawajui. Kijana alikuwa mgeni wa mjomba, walisoma pamoja Moscow, alilala kwetu siku mbili akaenda zake Arusha. Kila mmoja na jina lake, kila mmoja anaapa. Mama na shangazi hawakusemezana mpaka Ijumaa.

Nimechukua penseli, nimeyaandika yote matatu, na mbele ya kila jina nimeweka nani aliyesema. Majina yenyewe sitayataja hapa hewani. Kama yuko hai na anasikiliza, itakuwa aibu ajue tumemgawa watu watatu. Lakini kama wewe ulikuwa Tanga mwaka 1977 au 1978, ukasimama mwisho wa mstari kwenye uwanja wa nyumba ya watu, shati jeupe, ukacheka peke yako, na mtu akatangaza "Nimezungusha!", basi pigia kituo hiki simu. Mafundi mitambo wana namba yangu.